Nimekwenda Shuleni Kwako, Baba Zaina

Mume wangu, Baba Zaina,

Tangu tukuzike, sauti yako inanitoka akilini. Nakuambia wewe kwanza, maana watoto nikiwaambia watanikimbiza hospitali. Sura ninayo, picha zimejaa ukutani, lakini picha hazisemi, na kile kisimu chako cha tochi hakikuweza kurekodi hata kikohozi. Nikifumba macho nikakuita, unakuja kimya. Inaniuma, bwana wee.

Basi wiki iliyopita nikafunga safari kutoka Tanga mpaka kule milimani, juu ya Shume, kwenye shule ya watoto wa Kimbugu ulikonipeleka nikiwa bibi harusi. Unakumbuka nilivyolia kwa baridi? Asubuhi ukungu ukishuka hata mkono wangu siuoni, na wewe uko mbele unaropoka njia nzima. "Fuata mdomo wangu," ulisema, "wenyewe hauchoki." Kweli haukuchoka. Mpaka nikakuomba unyamaze! Leo ningetoa chochote nisikie hata zile kelele zako za chumvi kuzidi kwenye mchuzi.

Mwalimu mkuu wa sasa ni Hadija, yule mwanafunzi wako aliyekuwa mtoro msimu wa viazi. Kanipokea kwa shikamoo na chai ya maziwa. Akanieleza kuwa watoto bado wanakuja na Kimbugu chao kutoka nyumbani, na Kiswahili anachowapa yeye ni kilekile alichokipata kwako, kwani cha kwanza alikisikia kinywani mwako. Nikaitikia tu. Madarasa ni mapya, na sikukuona popote.

Tukatoka uwanjani. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo ule mwekundu unaujua mwenyewe. Mguu ukaniponyoka, nikakaa chini pwaa, na kanga zangu zote. Watoto wakapaza sauti kwa pamoja: "Lo! Salaaaale!"

Vilevile, Baba Zaina! Ile salale yako ya kwenu Pangani, unaivuta katikati halafu unaikata ghafla kama mtu aliyeungua ulimi. Watoto ambao hawakuwahi kukuona, wametoka na sauti yako. Nikalia palepale kwenye tope.

Hadija akanishika mkono kuniinua, huku akiniomba radhi kwa kelele zao. Nikasimama. Nikajipangusa, nikaangalia kama watoto bado wananitazama. Kisha nikajiangusha tena.

Pumzika, msemaji wangu. Nimekusikia.

Mkeo yuleyule,
Mama Zaina