Mistari Miwili ya Mulama

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Skwoti, kuchuchumaa na chuma mabegani: kilo 190, mara tatu, seti tano. Magoti hayakuingia ndani hata mara moja! Kochi Muindi anasema mwaka mzima nilikuwa nainua kwa mgongo kama mtu anayekwamua gari kwenye matope. Sasa ndio miguu imeanza kazi. Siri ni pumzi. Vuta hewa hadi tumboni, ikaze dhidi ya mkanda, shuka nayo, panda nayo. Kitu kidogo hivyo, na kimenichukua miezi minane.

Jimu yetu hapa Pipeline iko chini kabisa ya jumba la ghorofa nane. Akina mama wa juu wakifua, maji yanatudondokea dirishani. Sijali. Wiki tatu zimebaki kabla ya mashindano ya kuinua vyuma ya wasiotumia dawa za misuli. Nina miaka ishirini na tisa, natunza stoo ya mabati, na mwilini mwangu hamna kitu ila ugali, mayai, omena na maharagwe.

Jumatano, 10 Septemba

Dedlifti imenikataa. Kilo 220 zilitoka sakafuni zikakwama chini ya magoti. Kadar, mwenzangu wa mazoezi, alinirekodi kwa simu. Tukaona — chuma kilikuwa mbali na miguu, labda vidole viwili. Vidole viwili tu!

Muindi akakipaka chuma chaki, akaniambia nivute mpaka soksi zote ziwe nyeupe. Kilo 150, mara ishirini. Nimerudi nyumbani Tassia, ngozi ya miguu imechubuka. Mke wangu Roseline akauliza kama nimepigana na paka. Mtoto wetu Perez akataka kumwona huyo paka.

Jumamosi, 20 Septemba

235! Mia mbili thelathini na tano! Chuma kilipanda kikigusa miguu njia nzima. Nimeshika namba moja katika uzani wangu. Muindi alilia, mzee aliyestaafu kazi ya reli, ambaye sijawahi kumwona hata akipiga chafya. Akawa anawaambia watu kwamba huyu hajawahi kuguswa na sindano.

Baadaye kipimo. Kikombe, na jamaa amesimama pale ananitazama nikikojoa. Wengine walinuna. Mimi nilikojoa kwa fahari.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sijui niandike nini.

Barua pepe kutoka chama cha wainua vyuma. Nimeisomea stooni katikati ya mabati. Mkojo wangu umepatikana na homoni iliyokatazwa. Medali imesimamishwa. Nina siku kumi na nne za kujibu.

Nilipiga simu. Mama wa ofisini akanieleza kwa upole kwamba hiyo ni homoni ya wanawake wajawazito. Wanaume wa dawa za misuli hujidunga ili miili yao ianze tena kutengeneza homoni zake wakiacha dawa. Nikamwambia sijawahi kujidunga kitu. Akasema wote huanza hivyo.

Nilibeba mabati mawili kumpelekea mteja aliyeagiza saba.

Jumamosi, 11 Oktoba

Habari zilinitangulia jimu. Mmoja akauliza nitajifungua lini. Wakacheka. Kadar hakucheka, lakini aliniuliza kama siku hizi natumia unga wa protini, na akauliza bila kuniangalia.

Muindi akanitoa nje, tukasimama karibu na matangi ya maji. Huyu mzee alimfukuza mtoto wa ndugu yake mwenyewe kwa sababu ya sindano. Hawajasemezana tangu hapo.

“Niambie ukweli, Mulama,” akasema. “Ukikiri mapema watakupunguzia.”

“Kochi, sijatumia kitu.”

“Mkojo haudanganyi.”

Akarudi ndani. Nikamwona dirishani akifuta jina langu kwenye ubao. Alifuta polepole, kwa kiganja.

Miaka sita. Nimemaliza miaka sita chini ya macho ya huyu mtu.

Jumapili, 12 Oktoba

Roseline hakwenda kanisani. Aliniuliza mara moja tu, nikajibu, akaniamini. Halafu akasema maabara inaweza kukosea. Kama ni homoni ya mimba, si kemisti wanauza kipimo? Akateremka, akarudi na viwili.

Nikaona aibu. Nikacheka. Nikaenda chooni na kikombe cha plastiki cha Perez — nitamnunulia kingine.

Tukasubiri dakika tatu. Mstari mmoja. Halafu wa pili, mwembamba, ukakolea mpaka ukawa sawa na wa kwanza.

Roseline akachukua kile kingine akajipima mwenyewe, aone kama ni kibovu. Mstari mmoja. Tukaviweka juu ya meza sambamba, chake na changu, tukaviangalia kama watu waliosahau kusoma. Mashindano yalikuwa wiki tatu zilizopita. Hata kama kuna mtu aliyenidunga usingizini, si hiyo homoni ingekuwa imeisha mwilini?

“Baba Perez,” akasema, “kesho unaenda hospitali. Mambo ya chama achana nayo.”

Jumatatu, 13 Oktoba

Daktari anaitwa Shitanda. Kijana, pengine mdogo kuliko mimi. Nilimpa barua ya chama na kile kipimo nilichofunga kwenye karatasi ya shashi. Akakiangalia kwa muda mrefu. Akaniuliza kama nimejidunga. Nikasema hapana. Akaweka kalamu chini, akasema hapa si chama, hakuna wa kunifungia, niseme tu. Nikasema hapana.

Nilidhani atafanya kama wengine. Aliniamini papo hapo, na uso wake ukabadilika. Akaniambia nivue suruali.

Korodani ya kulia. Akashika mahali, akaniambia nishike na mimi. Kitu kigumu, kama punje ya maharagwe. Hakiumi hata kidogo. Tangu Julai nilikuwa nasikia uzito upande huo, nikadhani ni skwoti tu, msuli umevutika. Nikawa napaka dawa ya kuchua!

“Mwanaume akiwa na homoni hii na hajajidunga,” akasema, “basi kuna kitu ndani yake kinachoitengeneza.”

Nikauliza kitu gani. Akasema uvimbe, na hatanificha, mara nyingi huwa kansa. Akaongeza haraka kwamba ya aina hii hutibika vizuri ikipatikana mapema. Kesho nipigwe picha. Mengine aliyosema sikuyasikia. Nilikuwa naangalia mikono yangu, ina sugu kila kidole. Mikono ya mtu mwenye afya.

Jioni nilimpigia Muindi nikamweleza yote. Aliuliza tu picha ni saa ngapi.

Jumanne, 14 Oktoba

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha picha. Naandika ili mikono ipate kazi.

Roseline amempeleka Perez kwa dada yake, yuko njiani. Muindi nilimkuta hapa tayari, amevaa koti lake la kazi la zamani, la reli. Hakusema pole. Alisogea tu akanipa nafasi. Baadaye akasema jana hakulala, na kwamba jina langu amelirudisha ubaoni. Bado nina hasira naye. Tena sitaki aondoke.

Mama wa chama alipiga simu asubuhi. Daktari akiandika kwamba ni ugonjwa, nitasafishwa kabisa, medali yangu, 235 yangu, kila kitu. Nisipopatikana na ugonjwa, basi ni kufungiwa nje miaka minne. Alisema ananiombea. Sikumuuliza ananiombea lipi.

Mimi mwenyewe najua ninaloomba, na ni aibu kuliandika. Naomba nipatikane mwongo. Naomba iwe kuna mtu alinitilia kitu kwenye uji. Waniite mlaghai Pipeline yote, wafute jina, nikae nje miaka minne niinue mawe ya mto!

Picha nimeshapigwa. Fundi wa mashine alikuwa akiongea nami vizuri, mambo ya mpira. Akapitisha kile chombo upande wa kushoto, akaendelea kuongea. Upande wa kulia akanyamaza. Akapitisha tena, na tena. Akamwita mwenzake, wakaangalia skrini pamoja. Wakaniambia nivae nisubiri nje.

Dakika ishirini na tano sasa.

Mlango umefunguliwa. Fundi anauliza kama nimekuja na mtu.

Muindi amesimama kabla yangu.