Picha Kumi na Mbili za Harusi

Shoga, nimejifungia chumbani kwa hasira. Nimetoka kwenye mahojiano ya viza ya kumfuata mume wangu.

Si unakumbuka wifi alijitia kunisaidia kupanga faili? "Wewe pumzika, picha za harusi nitachagua mimi." Nitachagua mimi!

Afisa kazitandaza mezani, kumi na mbili. Zote wifi kamganda kaka yake, mimi naonekana bega tu. Afisa akaniuliza, "Bibi harusi ni yupi hapa?"

Bibi harusi ni yupi! Mimi, mwenye cheti cha ndoa mkononi!

Narudi, namkuta kakaa sebuleni, sauti ya asali: "Wifi yangu, wamekupa?"

Nikamwambia, "Bado. Wanataka wamhoji kwanza mke mwenzangu. Jiandae, Jumatatu saa mbili."