Mstari Mwekundu kwenye Kiti cha Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Bingwa,

Pokea salamu zangu, ingawa leo zinatoka kifuani penye moto. Wifi yangu hajambo? Na pacha, wameshaota meno? Sisi huku tungekuwa wazima kama si hali ya mzee.

Nimekukasirikia, wala sitazunguka. Ile baiskeli ya mashindano uliyomtumia baba ni nzuri, mtaa mzima umekuja kuishika. Lakini umeipima kwa miguu yako wewe kijana wa mbio. Kiti kiko juu mno, usukani uko chini na mbali. Akipanda analala kifudifudi, shingo kaikunja ili aone njia, kiuno kinayumba akitafuta pedali, na uzito wake wote uko viganjani.

Akifika dukani hawezi kuanza kazi. Anakaa mbele ya meza akikunjua vidole vilivyokufa ganzi. Fundi saa huyo, Bingwa. Juzi skrubu ilimponyoka, akapiga magoti kuitafuta sakafuni asiione. Mteja alichukua saa yake akaondoka bila kuaga.

Nikashika spana nikashusha kiti. Asubuhi akaona ule mstari mwekundu ulioupaka kwenye bomba la kiti kuonyesha kimo chake umezama ndani. Hakunigombeza. Alikipandisha mwenyewe mpaka kwenye mstari, kisha akafuta alama za vidole vyangu kwa kitambaa chake cha vioo.

"Mwanangu amepima," akaniambia. "Wewe unajua nini mambo ya baiskeli?"

Mimi ninayemkanda mabega kila jioni ndiye nisiyejua kitu. Wewe ulisema kwenye simu kwamba maumivu ni ya mwanzo tu, atazoea, na neno lako likawa amri. Iliniuma sana. Nani alikutuma umfundishe mzee kuzoea kuumia?

Usinitumie video nyingine ya mkao sahihi. Mpigie baba kesho kabla hajatoka. Mwambie ulikosea vipimo, kiti kishuke, usukani upande na usogee karibu, aketi kama mtu anayekwenda kazini. Ukiona aibu, imeze.

Nilitaka kuishia hapo, ila kuna hili. Unaijua saa ya marehemu mama, ile ambayo baba huisafisha mwenyewe wala hataki mtu aiguse. Jana alinipa niipeleke kwa fundi wa mtaa wa pili. Alikuwa ameangalia ukutani aliponiambia.

Sijaipeleka. Iko mfukoni mwangu ninapoandika.

Nisalimie wifi, wabusu pacha, na shangazi ukimwona mwambie miwani yake ilifika. Mungu akulinde, na akupunguzie ujuaji.

Dada yako akupendaye, hata leo.