Viatu Msikitini

Ndia Kuu, Jumapili. Asubuhi ya manyunyu.

Mjukuu wangu Rukia,

Sote hatujambo, na mamako akusalimu. Waniuliza kama sinema zafaa kufundishia Vita vya Msalaba.

Mwaka 1947 mwalimu wetu alituonyesha moja darasani. Askari Waislamu wakaingia msikitini na viatu, wakasali navyo. Nikasimama.

"Mwalimu, aliyetengeneza picha hii hajawahi kuuona msikiti."

Wenzangu wakacheka. Nikangoja kufukuzwa, lakini mwalimu aliisimamisha mashine.

"Haya, tafuteni mengine asiyoyajua."

Roda, Mkristo, binti wa karani wa reli, akasema, "Na hawa wetu mbona wapigana tu, hawasali?"

Waonyeshe wanafunzi wako, mwanangu, kisha waache waseme. Usiku wa siku ile ya sinema sikupata usingizi hadi saa saba, kwa furaha.

Bibi yako