Njano Juu ya Kofia Nyeusi

Alhamisi, Mwingi

Imeshika! Herufi za njano, kofia nyeusi, na hakuna hata moja iliyong'oka.

Jana niliharibu kofia mbili. Nilibandua karatasi inayoshikilia herufi kofia ikiwa bado ya moto, herufi zikatoka nayo. Nililala na wasiwasi, maana kesho akina mama wa kikundi cha maji wanafungua bwawa lao la mchanga, ukuta wa mawe unaozuia mchanga wa mto ili uhifadhi maji, na walitaka kofia zote leo.

Asubuhi mwenyekiti wao, Mama Kalekye, alinikuta nimesimama tu kando ya mashine ya kubandika herufi kwa joto.

"Unangoja nini, mwanangu?"

"Ipoe kabisa, mwaitu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kikamba. "Nikiharakisha itaharibika."

"Basi tungoje. Maji tumengoja miaka, sembuse kofia?"

Ilipopoa nikabandua polepole. Akaivaa juu ya kitambaa chake cha kichwa, akatoka nje, akamwita muuza mboga wa ng'ambo ya barabara asome.

"MAJI YETU!" yule akapaza sauti.

Mama Kalekye akacheza palepale. Nami nikacheza.

Sijui herufi zitavumilia kufuliwa mara ngapi. Hilo linanisumbua kidogo.

Lakini akiondoka aliniambia, "Jitengenezee yako, uje kesho." Mimi, ambaye sijabeba hata jiwe moja pale.

Nimeitengeneza. Nimejiangalia kwenye kioo mara tatu.