Aliyekuwa Ndani ya Foronya

Havre-Doucet, Cape Breton
Alhamisi ya Nusu Kwaresima

Kaka Rhéal,

Kabla hata sijakuamkia, pokea jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri: yule aliyeingia jikoni kwa Mama Nadège mwaka jana nilikuwa mimi.

Haya, shikamoo. Natumaini baridi ya Alberta haijakung'ata masikio, na huko kambini mnakofanya kazi mnapewa chakula cha kueleweka. Sisi wazima. Mama yetu anakohoa kidogo, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atapika, wewe? Msimu wa kaa bado. Barafu imeziba bandari.

Ulikuwa umeshaondoka rafiki yangu Nadège alipofariki kwa homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo acha nikueleze vizuri. Unakumbuka alivyoandikiana na Islande, yule msichana wa Haiti. Baada ya mazishi Mzee Delphis, dereva wa basi la shule, alisema urafiki ule tusiuzike naye. Ukaanzishwa Mfuko wa Nadège, uwalipie karo na chakula cha mchana watoto wa shule ya kina Islande. Na kwa kuwa kijiji chetu hakijui kuchangisha bila kucheka, mchango ukapangiwa Nusu Kwaresima: tuvae barakoa kama kawaida, tupite nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba akikutambua, unavua. Akishindwa, anatoa.

Mimi unanijua, nikiitwa jina darasani natetemeka. Ndani ya foronya yenye matundu mawili ya macho ndimo ninamopumua. Tulipoingia kwa Mama Nadège hatukutegemea kitu. Tangu mazishi alikuwa hatoki, hapiki, anashinda na gauni la kulalia. Delphis akamtania: we Bernadine, amka utukisie bwana, au macho nayo yamezeeka? Akawatambua wawili kwa vitambi vyao tu. Akafika kwangu. Nilikuwa nimesimama mguu mmoja juu ya mwingine, kama alivyokuwa akisimama Nadège. Tuliigana mpaka sijui tena nani alianza. Akanitazama weee, kisha akasema, "Nadège."

Sheria unaijua: mtu akikosea, unatikisa kichwa. Mimi nikakubali kwa kichwa. Akanishika mikono, akaniuliza kama huko niliko kuna baridi. Nikatikisa, hapana. Halafu nikakimbia, na nilipofika nyumbani nikaona glavu moja sina.

Kesho yake alioga, akaenda kwa Delphis, akamwambia mtoto wake amekuja, na kazi yake haitakufa. Leo ndiye mwenyekiti wa Mfuko. Anashona sare, anapiga simu mpaka Haiti, anagombana na watu wa benki. Islande ameingia sekondari. Na kila anayekutana nami dukani ananikonyeza: mwaka huu atakuja tena, eh? Delphis ametangaza hadi vijiji vya jirani kwamba Nadège atapita. Padri anakunja uso, ila hasemi. Kwa desturi yetu, ambaye hakuvua barakoa hatafutwi.

Sasa sikia. Juzi Mama Nadège alinisimamisha nje ya kanisa, akasema leo jioni nikae naye mezani, tumsubiri Nadège pamoja, maana mimi ndiye niliyekuwa rafiki yake. Nikasema ndiyo, mama. Ningesema nini? Nikikaa kitini, Nadège haji, na nahofia atarudi kitandani kwake, na wale watoto wabaki bila mtu wa kuwapigania. Nikivaa foronya, kiti changu kitakuwa wazi mbele ya kijiji kizima.

Nakuandikia nikiwa chumbani kwa Nadège, ghorofani. Foronya nimeikunja ndani ya sweta. Mama Nadège ameniambia nipumzike hapa mpaka pai ya nyama iive. Na juu ya kitanda, kaka, nimekuta glavu yangu. Imefuliwa, kidole gumba kimeshonwa upya. Ina zile zigizaga nyekundu za bibi yetu. Kijiji kizima hakuna nyumba nyingine inayofuma hivyo.

Mwaka mzima amejua. Kila alipowaambia watu mtoto wake alikuja, naye alikuwa amekwama kama mimi, mbele ya watu wale wale. Labda kile kiti ndiyo namna yake ya kunivua barakoa bila mtu kuona.

Au labda nakosea. Nasikia hatua zake kwenye ngazi. Kipandio cha tatu kimeshalia. Tangu nianze kuandika, mlango wowote ukigongwa huko chini, karatasi hii inaingia chini ya mto. Sasa nimeiacha hapa kitandani, foronya huku, glavu huku.

Wasalimie wenzako wa kambini. Mama yetu angekusalimu kama angejua nakuandikia. Ujifunike vizuri. Na barua hii ikikufikia, ujue kuna aliyeisoma kabla yako.

Mdogo wako,
Josette