Mlango Niliomfungia Kendi

Mwalimu Gatwiri,

Sijui habari za huko huulizwaje, kwa hivyo siulizi. Nitaanza na lile lililonikwama kooni, maana tangu tukuzike hakuna mtu hapa ninayeweza kumweleza bila kutukana.

Walijenga darasa. Ndiyo, lile darasa. Miaka yote ulipofundisha chekechea katika jiko la mbao la kanisa, moshi ukitutoa machozi sisi na watoto, uliomba darasa kwa kila aliyepita na koti. Hawakukuona. Ulipolala kaburini, hata nyasi hazijaota juu yako, lori la mawe likafika. Likajengwa darasa la ukuta, bati la kijani, tembo na twiga wamechorwa nje. Kwenye jiwe la ufunguzi wameandika jina la mheshimiwa wetu wa wadi kwa herufi kubwa kama mabango ya soda. Lako halipo.

Mheshimiwa mwenyewe ni Mutwiri. Mutwiri wako. Yule uliyekuwa ukimfulia kaptura yake na kuianika kwenye ua ili asirudi nyumbani akichekwa. Alisimama siku ya ufunguzi chini ya hema akasema, "Mwalimu Gatwiri alikuwa mama yangu. Alinishika mkono huu nikaandika herufi ya kwanza. Na kuanzia leo, chekechea hapa ni bure." Watu wakapiga makofi. Mimi nililia kwa furaha, Mwalimu. Nililia mbele ya watu kama mjinga, na mjinga nilikuwa.

Kwa sababu mwalimu hakuletwa. Muhula ukaisha, wa pili ukaanza. Kaunti ilikuwa na orodha ya walimu wake, na jina langu halikuwemo, maana karatasi yangu ya chuo sikuimaliza. Unajua kwa nini sikuimaliza, ulikuwa hospitalini na darasa lilikuwa na watoto arobaini. Basi nikaendelea kufundisha bila mshahara, ndani ya darasa la bure.

Mzee Mwenda ndiye mwenyekiti wa kamati sasa. Mwenye ile pikapu ya kubeba miraa. Aliita wazazi akawaambia lazima walipe ada, ya mwalimu na ya uji. Mama mmoja akauliza, "Si mheshimiwa alisema ni bure?" Mzee Mwenda akajibu bila hata kupepesa macho, "Bure ni jengo. Mwalimu si jengo."

Wewe hukuwahi kumpangia mtu cha kuleta. Huyu alileta maharagwe, huyu kuni, huyu maziwa ya kikombe kimoja. Aliyekosa kabisa alileta mtoto tu, na ukampokea kana kwamba ndiye aliyeleta zaidi ya wote. Mimi nilikuwa msaidizi wako miaka sita na nilidhani nimejifunza.

Kamati ikanipa orodha. Ambaye jina lake halina alama ya kulipa, asiingie. Wakaniambia nisimame mlangoni kila asubuhi. Nikakubali. Sitafuti maneno ya kulilainisha hilo. Nilikuwa nimechoka kukopa unga dukani, nikasema moyoni, wacha na mimi nilipwe kama watu. Nikasimama mlangoni.

Humkumbuki Kendi, alikuwa hajaanza kuja darasani ulipoondoka. Mama yake ni Kathambi, yule mrefu, anayefunga mafungu ya miraa sokoni Kangeta. Hutoka nyumbani kabla ya jua ili akute mzigo wa kwanza, anafunga hadi mchana, majani ya migomba ya kufungia yamempasua vidole. Baba wa mtoto alienda zake. Kendi alikuwa na miaka minne, anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto na ukimwambia anakuambia ndivyo anavyotaka. Akiimba, anaimba kwa nguvu kuliko darasa zima na maneno yote si yenyewe.

Asubuhi hiyo alifika na kikombe chake cha uji. Nikatazama orodha. Nikamwambia, "Kendi, rudi nyumbani umwambie mama aje anione."

Akasema, "Mama hayuko nyumbani."

Nikasema, "Basi kamngoje."

Nikafunga mlango. Mwalimu, ni hayo tu niliyoyasema, na siku hizi nikipiga mswaki nayasikia.

Hakwenda nyumbani. Alikaa nje ya ua. Tulipohesabu ndani, moja, mbili, tatu, tulimsikia naye akihesabu kule nje, na watoto wakacheka. Siku ya pili akaja tena, akakaa palepale. Siku ya tatu hakuja. Na hapa ndipo ninapojichukia: nilipotazama nje ya ua nikaona hayupo, nilishusha pumzi. Nilifurahi kwamba sitamwona.

Siku hiyo Kathambi alikuwa ameacha mahindi na maharagwe motoni, moto mdogo, ili yaive polepole. Akamwambia mtoto asiguse. Ni nani hajawahi kuacha sufuria hivyo kwetu? Kendi aliona moto unazimika akaongeza kuni, kama alivyoona wakubwa wakifanya. Sufuria ikampindukia. Jirani aliyekuwa akipalilia alisikia sauti akadhani ni mbuzi.

Walimbeba kwa bodaboda hadi hospitalini. Hakufa. Mkono wa kulia umeungua wote, na tumbo upande mmoja. Alikaa huko wiki nyingi, na Kathambi akalala sakafuni kando ya kitanda, na huku Kangeta nafasi yake ikachukuliwa na mwingine.

Sasa nisikilize. Siku walipoletwa nyumbani nilienda na unga na aibu yangu. Sikuwa nimekaa hata kidogo, gari la Mutwiri likaingia. Akashuka na mkate, kreti ya soda, na kijana wa kamera. Akatoa pole. Akaomba dua, dua ndefu. Kisha wakapanga picha. Mutwiri akachuchumaa karibu na mtoto, kijana akatazama ndani ya kamera akatikisa kichwa. Na Mutwiri, yule uliyemfulia kaptura, akamwambia Kathambi kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, mwinue mkono kidogo uonekane."

Kathambi akauinua. Kendi akapiga kelele.

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya nyumba. Si maneno ya barua haya. Nilitapika, kuku wakaja.

Kabla ya kuondoka alimshauri. "Wazazi muwe waangalifu. Mtoto mdogo haachwi peke yake." Kathambi alikuwa akipuliza ule mkono.

Kikao cha wazazi kiliitwa Jumamosi iliyofuata. Mutwiri alikuja, Mzee Mwenda akiwa kando yake, wote wawili kwenye viti vya plastiki vyenye mikono, sisi wengine kwenye viti vya watoto, magoti yakitugusa kidevu. Nilidhani watazungumza juu ya Kendi. Walizungumza juu ya lango. Wanataka lango la chuma.

Mama mmoja akauliza mwalimu wa kaunti atakuja lini. Mzee Mwenda akacheka. "Sisi wengine hatukusoma chekechea na tuko hapa. Nasari si lazima. Ni mahali pa kina mama kupumzikia." Mzee huyu, Mwalimu, wiki hiyohiyo alikuwa amezungusha simu yake sokoni akituonyesha mjukuu wake anayeishi Makutano, amevaa joho jeusi na kofia ya mahafali, amemaliza nasari ya kulipia. Wa kwake anavishwa joho. Wa Kathambi anaambiwa si lazima.

Mutwiri naye akaongeza, akitabasamu, "Tusidanganyane. Hawa ni watoto wa kulelewa tu. Wanaimba, wanakunywa uji, wanalala. Kulea si kazi ya kupewa mshahara wa serikali."

Nilikukumbuka. Kuna siku wazazi walikuuliza kama kweli nasari inahitajika, nawe hukujitetea. Ulisema, "Mtoto hahitaji nasari. Mtoto anahitaji mtu. Kama nyumbani yuko mtu wa kumhesabia maharagwe na kumjibu maswali, msiniletee. Lakini kama mtu huyo yuko kibaruani tangu alfajiri, basi mtu huyo nitakuwa mimi." Nikaona kwamba mtu huyo ndiye niliyemnyima Kendi.

Nikasimama. Nikasema, "Kendi alikuja hapa siku mbili. Mimi ndiye niliyemfungia mlango. Orodha ilitoka kwa kamati lakini mkono ulikuwa wangu." Nikamgeukia Kathambi, aliyekuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni. "Mama Kendi, nilimwambia akakungoje nyumbani. Ni mimi."

Nilidhani atanirushia kitu, na ningekaa nikipokee. Hakunitazama. Alimtazama Mutwiri.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi hufunga miraa. Kila gunia likitoka Kangeta linalipiwa ushuru, na mengine nimeyafunga kwa mikono hii. Huo ushuru wangu uko wapi? Usiniambie mimi sijalipa. Niambie umeupeleka wapi."

Mutwiri akasema mambo ya bajeti. Akasema taratibu, akasema mchakato, akatazama saa.

"Na umesema kulea si kazi," Kathambi akaendelea. "Sawa."

Basi hiyo "sawa" ndiyo waliyoibeba kina mama kutoka kile kikao. Siku ya soko, asubuhi mapema, walikuja kwangu kumi na mmoja, kila mmoja na mtoto wake, na Kathambi mbele. Tukaenda hadi ofisi ya Mutwiri, ile yenye zulia jekundu. Karani akatuambia mheshimiwa bado. Kina mama wakawaingiza watoto, wakawavua viatu kwa adabu, wakawakalisha kwenye makochi. Kathambi akamwambia karani, "Mwambie tumemletea wa kulea. Si kazi. Tutawachukua jioni tukitoka kibaruani." Wakaondoka kweli. Mimi nilibaki ng'ambo ya barabara, kwenye duka la mbegu, kwa sababu sikuweza kuwaacha tena watoto bila jicho.

Nisamehe, lakini nilicheka, cheko la kwanza tangu ufe. Kufika saa nne karani alikuwa amevua tai. Mmoja analia, wawili wanapigania kiti kinachozunguka, mwingine amekojoa kwenye kochi, na wote wanaomba uji. Mutwiri alipofika alisimama mlangoni akaduwaa. Akanigundua ng'ambo, akanijia mbio akivuka barabara. "Mwalimu Kanana, tafadhali, njoo uwatulize."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita Mwalimu. Nikamwambia, "Mheshimiwa, hiyo ni kazi. Nani ananilipa?"

Nikaenda hata hivyo. Wale watoto hawakuwa wamemkosea mtu.

Usidhani mambo yaligeuka kuwa mazuri kama hadithi. Mwalimu wa kaunti aliletwa, ndiyo, kabla muhula haujaisha. Anaitwa Wanjira, mtoto wa Embu, ana karatasi zake zote. Hakuna orodha mlangoni, hakuna anayerudishwa. Mutwiri alikuja kupigwa picha naye. Mzee Mwenda anasema ilikuwa juhudi ya kamati. Nikisikia hivyo mate hunijaa mdomoni, nayameza, kwa sababu kuna watoto karibu.

Mimi sina kazi. Nafasi ilikuwa moja. Wanjira ni msichana mzuri, huniuliza nyimbo zako na mimi humwimbia, naye huziandika kwenye daftari. Ana mkataba wa mwaka mmoja tu, na mshahara huchelewa. Ameshaanza kukopa unga kwenye duka lilelile. Nikimwona anatoka pale na pakiti kwapani huwa nataka kuvunja kitu.

Na Kendi amerudi darasani. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimeshikana, daktari amesema watavipasua akikua kidogo. Anajifunza kuandika kwa kushoto. Bado anaimba kwa nguvu kuliko wote. Mimi nikipita huacha kuimba. Hunitazama hadi nipite, kisha huendelea. Mama yake hunisalimia, hata juzi alinipa ndizi. Mtoto nikimsalimia hanijibu. Wanjira alitaka kumlazimisha, nikamkataza. Mtoto wa miaka minne anajua nani alifunga mlango, na ana haki ya kujua.

Nimeandikishwa chuoni Embu nimalize ile karatasi. Naondoka Jumapili baada ya ibada. Kathambi na wenzake ndio walionisukuma, na nauli yangu ilichangwa pale kwenye kibanda cha kufungia miraa. Sitapitia kaburini kukuaga, ndiyo sababu ya barua hii. Naogopa kusimama mbele yako.

Sitakuahidi kwamba nitakuwa kama wewe. Ninakuahidi kitu ninachokiweza: nikipata darasa tena, popote, hakuna mwenyekiti wala mheshimiwa atakayenipa orodha nikaishika. Waniondoe mimi kwanza.

Pumzika, mama. Usipojibu nitaelewa. Hata Kendi hajanijibu.

Wako,
Kanana